Chupa ya Bwana Marte Ambayo Bado Haijafunguliwa

Wafanyakazi wenzangu, kabla hamjasoma zaidi nawasihi: kila neno lililomo humu libaki kati yetu hadi Ijumaa jioni. Nakala zimepelekwa kwa watumishi wote wa treni ya theluji isipokuwa wawili. Mmoja wao akipita karibu, ikunjeni karatasi. Mimi bado mgeni kazini na ningependa kubaki.

Bwana Gebhard Marte, msimamizi wa mizigo ya skii, anastaafu tarehe 31 Machi baada ya kuitumikia treni yetu kwa miaka thelathini na moja, na Ijumaa jioni tutamuaga ukumbini. Alianza akiwa mpakizi hapa Buchs, mpakani, wakati skii zilipokuwa zikirundikwa mlangoni mwa behewa kama kuni na abiria wakigombania zao kila kituo. Yeye ndiye aliyezisimamisha. Tangu hapo kila skii husafiri na mwenzake, zimefungwa pamoja, ndani ya mfuko, na jina la mwenyewe juu. Hupanga za wanaoshuka mwisho nyuma kabisa, na za wanaoshuka mwanzo mbele. Hakuna abiria wa Bwana Marte aliyewahi kufika mlimani na skii za mtu mwingine, ingawa wapo waliofika bila soksi.

Soksi hizo zina kisa. Abiria wetu hawapandi mlimani wakiwa na kiu, na wengi huficha chupa kwenye mfuko wa skii. Mwaka mmoja wasindikizaji wa bwana harusi kutoka Zurich walipakia mvinyo mwekundu hivyo hivyo, na kwenye kona ya kwanza behewa likapata rangi iliyodumu hadi Pasaka. Bwana Marte hakugomba. Aliwafundisha kuiviringisha chupa kwa soksi na kuisimamisha ndani ya kiatu cha skii, na akawakumbusha kwamba mvinyo unaruhusiwa, ila pombe kali ibaki imefungwa hadi mwisho wa safari. Kisha akasema neno ambalo sasa tunalirudia sote: skii hazilewi, lakini hulowa.

Sasa naja kwenye lile ninaloogopa kuliandika.

Mnamfahamu Bibi Notburga Spiss, afisa wa forodha anayepanda hapa na kuteremka Landeck, kwao. Mnafahamu pia mzaha wao. Treni ikiondoka tu mpakani, Bwana Marte humwendea, huvua kofia na kutangaza: chupa moja, brandi ya matunda ya pea, ya matumizi binafsi. Bibi Spiss huuliza kama bado haijafunguliwa. Hujibu kwamba bado. Naye humwambia apite. Miaka yote ni chupa ile ile. Makondakta wamecheka sana, wakisema pea zile zimevuka mpaka mara nyingi kuliko balozi, na kwamba zitastaafu kabla ya mwenyewe.

Mnajua pia mila ya milima yetu: juu ya mita elfu moja, ubwana na ubibi huachwa bondeni na watu huitana wewe, kwa jina la kwanza. Tukikaribia Langen, Bwana Marte huwa Gebhard na Bibi Spiss huwa Burgi. Husimama dirishani kwenye behewa la mizigo, wakizungumza habari za dada yake Gebhard, za bustani ya marehemu mume wa Burgi, na theluji iliyochelewa. Mazungumzo huchukua kama nusu saa. Tukishuka na kupita Strengen, Bwana Marte hurudisha kofia kichwani na kusema, "Tumeshuka, Bibi Spiss." Nami aliniambia neno hilo hilo wiki yangu ya kwanza, niliposahau na kumwita Gebhard mbele ya stesheni ya Landeck. Aliniambia kwa upole, lakini masikio yangu yaliwaka hadi jioni.

Mkitaka huko kuitana wewe kushuke hadi bondeni na kudumu, sharti mnywe pamoja, mkono ndani ya mkono. Watumishi walio kazini hawaruhusiwi kuonja. Tena mila inasema mkubwa kwa umri ndiye humkaribisha mdogo, na inasema pia mwanamke ndiye humkaribisha mwanamume. Bwana Marte ndiye mkubwa. Bibi Spiss ndiye mwanamke. Kila mmoja ana adabu mno kumtangulia mwenzake.

Mimi nimejuaje kwamba chupa ile inangojea siku hiyo? Mwezi wa Februari mfuko wa skii ulifika kwangu, dirisha la mizigo la Buchs, bila lebo, na kanuni inaniagiza kuufungua. Nilikuta skii kuukuu, kiatu, na ndani ya kiatu chupa ile. Kwenye kiatu cha pili mlikuwa na soksi ya sufu, na ndani ya soksi bilauri mbili ndogo. Nilikirudisha kila kitu nilivyokikuta, nikaandika lebo mpya, nikakaa kimya.

Jumamosi iliyopita ilikuwa safari yake ya mwisho. Nilikuwamo. Tulipita Strengen, naye akaishika kofia mkononi. Hakuivaa. Hakusema tumeshuka. Bibi Spiss akatazama nje mpaka Landeck. Baada ya Ijumaa Bwana Marte anahamia kwa dada yake Bezau, ambako treni yetu haifiki. Hawatakuwa tena na mlima wa kupanda pamoja.

Jana Bibi Spiss alikuja dirishani kwangu. Aliniuliza, kwa kuwa nimesoma, kama umri unautangulia uanamke au uanamke unautangulia umri. Nilimjibu kwa tahadhari kwamba wataalamu wanatofautiana. Akanitazama kama anavyomtazama abiria aliyetangaza nusu tu ya mzigo wake.

"Bwana Nigg," akasema, "mfuko wake wenye ile chupa uwepo ukumbini. Nami nikimwita Gebhard pale, mbele ya watu, asije akaniambia tumeshuka."

Kwa hiyo naomba haya tu. Ijumaa mtakapomsikia Bibi Spiss akimwita Gebhard, hapa Buchs, chini kabisa bondeni, mtu yeyote asicheke. Makondakta, ule mzaha wenu wa pea uwekeni kando siku hiyo moja. Nitasema kwa sauti kwamba kuna injini ya kutazamwa nje, nanyi mtoke mkaitazame, hata kama mvua inanyesha, hata kama hakuna injini.

Bwana Marte, karatasi hii utapewa wewe mwisho wa wote, Ijumaa ikishapita. Tunakushukuru kwa kila skii uliyoifikisha na mwenzake. Tunakuombea miaka mirefu yenye theluji nje na moto ndani, na usisafiri peke yako.

Mwenye swali anipate dirisha la mizigo, Buchs, lile lililo chini ya saa, treni ya asubuhi ikishaondoka. Mmoja wa wale wawili akiwa karibu, niulizeni kama glovu ya kushoto imeonekana. Nitajibu kwamba bado, nanyi mtarudi baadaye. Msinipigie simu, mkuu wa stesheni huipokea yeye. Muulizieni Florin Nigg, lakini si kwa jina la kwanza, tuko bondeni.