Kadi ya Kichwa cha Phineas

Sogeeni wanangu, Reuben nawe Dinah, mkae hapa kitandani, maana sauti yangu iliyosikika kutoka Mbololo hadi stesheni ya Voi leo haivuki blanketi. Shamba la juu ni la Reuben, la bondeni ni la Dinah, na atakayesema binti harithi mwambieni amesema Zephaniah dresa, mtibabu wa dispensari, aliyezalisha mke wa chifu na ng'ombe wa chifu asubuhi moja, wala asichanganye mtoto na ndama.

Sasa jambo la mkeo, Reuben. Wakio yuko jela mwaka wa saba kwa kifo cha Phineas wenu wa miezi minne, na wewe umeamini alimtikisa kwa hasira, kwa kuwa daktari mkubwa alisimama kortini akasema damu ndani ya fuvu na damu nyuma ya macho hailetwi na kitu kingine ila kutikiswa, na aliyekuwa na mtoto mwisho ndiye aliyemtikisa. Jaji akamuuliza, hakuna ugonjwa? Akajibu, "Ingekuwapo rekodi kwamba kichwa kilivimba kabla ya siku ile, ningefikiri upya. Haipo."

Ilikuwapo, ndani ya koti langu, nimekaa safu ya pili. Wakio alimleta mtoto kwangu dispensari mara mbili, anatapika, nikampima kichwa kwa futi ya fundi cherehani: inchi kumi na sita, na wiki tatu baadaye kumi na saba na nusu, nikaandika kwenye kadi kwa mkono wangu. Akaniambia, "Baba, kichwa hiki sikielewi, niandikie barua niende hospitali kubwa." Nikamcheka mbele ya foleni nzima, nikampa dawa ya tumbo. Kadi ingesomwa, nani angeniita daktari tena? Mficha maradhi, kilio humfichua.

Haya, kadi hii, mwanangu, ishike. Sijui kama ingemwokoa. Najua daktari angefikiri upya.

Ila agizo langu: mnizike kwanza. Mchungaji asome sifa zangu, jeneza lipitishwe dispensari, matanga yaishe, ndipo mtafute wakili. Wakio amengoja miaka saba, mwezi mmoja haumuui.

Inameni sasa niwawekee mikono. Mungu awape mvua, awape... Reuben, mbona watia kadi mfukoni, wavaa viatu? Kaa, baba yako anabariki. Dinah, mshike kaka yako. Dinah, na wewe wajitanda leso waenda wapi? Awape... basi rudisheni mlango, wanangu, baridi inaingia... awape...