Hanna wa Kaanaeli, Mgonjwa wa Saba

Wazee wetu shikamooni, nanyi nyote mliopanda hadi Akheri na mvua hii, familia ya mzee Kaanaeli imenituma mimi Tabitha, mtoto wa mwisho, niwasomee maisha ya mama yetu.

Hanna alizaliwa Kikwe tarehe 4 Juni 1909, akabatizwa mwaka 1921, akasoma shule ya misheni miaka mitatu, kisha akatolewa ili alee wadogo zake, jambo lililomuuma hadi mwisho. Tarehe 12 Agosti 1928 alifunga ndoa na Kaanaeli, wakalima kahawa na migomba, wakajaliwa watoto watano, na wanne tuko hapa.

Mwaka 1951 alianza kuharisha damu, na Februari 1954 akalazwa mjini Arusha, ambako daktari Mwingereza alikuwa akijaribu vidonge vipya vya uvimbe wa utumbo kwa wagonjwa kumi na wawili, nusu wakipewa dawa, nusu wakipewa chaki iliyotiwa rangi ileile, bila kuambiwa nani anameza nini. Hanna, mgonjwa wa saba, alipata nafuu upesi, na mkojo wake, mniwie radhi, ukawa wa rangi ya chungwa, lakini mkojo wa Nashipae wa Engutoto, mgonjwa mwenzake aliyelala kitanda cha pili, haukubadilika, wala damu haikukoma. Hanna akaelewa. Huku kwetu huwezi kula huku mwenzako anakutazama, basi kila asubuhi akamgawia nusu ya vidonge vyake.

Daktari alipogundua alifoka kwamba kazi ya mwaka mzima imeharibika, akayafuta majina yote mawili daftarini. Hanna akamjibu, "Bwana daktari, andika kwamba Hanna ndiye aliyeharibu, ila huyu mpe dawa ya kweli," kisha akaketi mlangoni pa wodi siku mbili, akikataa kurudi nyumbani, mpaka Aminiel, dresa aliyemsaidia daktari wodini, alipotumwa kuwaletea chupa mbili za dawa ya kweli.

Ugonjwa ulimrudia Januari mwaka huu, akafariki tarehe 11 Machi 1957. Nimewasikia wanaosema njiani kwamba angemeza vyote mwenyewe angekuwa hai. Hawajui, na daktari mwenyewe hajui. Ninachojua mimi ni kwamba Nashipae ameketi pale mbele, na amekuja kwa miguu yake kutoka Engutoto.

Tunamshukuru daktari, ndiyo, hata yeye, tunamshukuru Aminiel, majirani waliotuchumia kahawa, na akina mama wa kwaya aliokuwa akiimba nao.

Pumzika kwa amani, mama, hukumnyima mtu.