Tezo, Patasi na Pande la Mama Julieth

Itetemia, kwenye benchi la Sadiki muuza kahawa, siku hiyo tulikuwa na kesi nzito. Masolwa, fundi baiskeli, anamtaka Julieth. Imakulata, mama yake Julieth, kakata pande la mninga shambani kwake, kamwambia: nichongee bakuli, jioni nalifuata hapo kijiweni, nikiridhika lete washenga. Masolwa kuchonga hajui, akaja kutuuliza atumie kifaa gani. Jamani, ushauri kwetu haujawahi kuadimika! Kilichoadimika ni mkaa. Sadiki alikuwa anachemshia kuni za kuokoteza.

— Tezo tu, kishoka cha kuchongea, akasema Adriano, mstaafu wa reli, tunamwita Mataruma. Ninayo hapa. Tazama.

Akapiga. Kipande kama kiatu kikaruka. Sadiki akakiokota.

— Umeua, Mataruma! akasema Kasimiri wa bodaboda, tunamwita Injinia. Bakuli ni patasi na nyundo, bwana. Sogea.

Akagonga. Pande likapasuka katikati. Sadiki akaokota nusu.

— Sasa si limekuwa dogo? akauliza Masolwa, jasho linamtiririka.

— Litakuwa bakuli la mboga, akasema Injinia. Mama mkwe hali mboga?

— Anakula.

— Basi!

— Kosa ni tezo yangu kunyooka, akasema Mataruma. Ya bakuli hupinda. Babu yangu alitoka hapa na msafara mpaka Ujiji, anachonga huku anatembea. Tezo yake ilipindwa na jua.

— Na jua?

— Jua la zamani, siyo hili.

Akajaribu kuchonga huku anatembea. Sadiki akamfuata nyuma, anaokota.

— Nyie washamba, akasema Injinia. Tufunge kisu kwenye tairi la pikipiki, Masolwa ashikilie mti tu.

— Washa tuone!

Aliyesema hivyo ni mimi, na sijutii. Kilichobaki mkononi mwa Masolwa kingetosha kijiko cha chumvi.

Mara huyo, Imakulata.

— Shikamoo, mama! Kijiwe kizima.

— Marahaba, wanangu.

Akakaa. Sadiki akammiminia kahawa. Mama akanywa, akafumba macho, akanywa tena.

— Lo, kahawa ya leo tamu! Sadiki, umechemshia kuni gani?

Mataruma akajikuna kisogo. Injinia akakumbuka ana abiria. Masolwa alikuwa analitazama jiko, machozi yanamtoka, akasema ni moshi.