Pikapu, Macho ya Mtandaoni na Kilima cha Makere

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, nanyi akina mama mliokaa huku nyuma. Mwakeye, kwa salamu yetu ya Kiha. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikipotea njia mnivumilie, nitarudi.

Nilianza udalali wa magari hapa Kasulu wakati barabara ya Kibondo ni vumbi tupu. Enzi zile tangazo lilikuwa honi. Siku ya gulio unaendesha taratibu hadi Makere, watu wanatoka mashambani na majembe begani. Rangi haikuulizwa. Mnunuzi anakuja na shemeji yake, tunapakia magunia ya maharage, shemeji anakaa juu yake, tunapanda kilima. Gari likifika juu bila kukohoa, tunakunywa togwa, limeuzika. Marehemu kaka yangu naye alipanda juu ya magunia, akaimba njia nzima. Sauti mbaya, Mungu amrehemu. Mpaka leo nikisikia harufu ya klachi iliyoungua namkumbuka yeye.

Turudi. Wateja wakahamia kwenye simu, uwanja wangu ukabaki na kuku na pikapu moja. Mwenye kiwanja akaniambia, "Mzee, masika ikiisha pikapu hiyo bado ipo, anaingia muuza mabati." Binti yangu Rehema akaiosha ikang'aa, akaipiga picha, akaiweka mtandaoni.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofungwa. Rehema alinionyesha namba ya watu waliotazama, nayo ikawa inapanda kila siku. Nikaanza kuiangalia kabla ya kusali. Mchungaji akisema tufumbe macho, langu moja liko kwenye simu. Mke wangu akauliza, "Baba Rehema, watu wako wote hao, mbona hakuna aliyekanyaga matope yetu?"

"Mama, wewe hujui biashara."

"Kweli sijui. Mimi nawaona kuku tu."

Masika ikawa inaisha. Siku moja nikaingia ndani ya ile pikapu, nikapandisha vioo, nikalia. Nikasema, Bwana, niondolee namba hii moyoni, au unionyeshe inasema nini.

Simu ikaita. Mama mmoja muuza maharage, anakaa upande wa Nduta kule Kibondo. Tukasalimiana kama tunavyosalimiana sisi, mvua, watoto, mashamba, ndipo akasema, "Mzee, tangazo nimeliona. Pikapu imepambwa kweli. Sasa mimi nabeba maharage, sibebi bibi harusi. Kilima inapanda?"

Swali hilo nilikuwa sijalisikia miaka mingi. Katika tangazo letu hapakuwa na gunia wala kilima, taa na rangi tu, kama tunawauzia watu wa lami!

Tukapakia magunia, mke wangu akakaa juu, Rehema akarekodi tukipanda Makere, matope mpaka kwenye vioo. Tukaliweka mtandaoni tangazo hilo jipya. Waliotazama wakawa wachache kuliko mwanzo, na moyo wangu ukashtuka, siwafichi. Lakini waliopiga simu wakaongezeka. Rehema akanifundisha nimuulize kila mmoja, "Umeona tangazo lipi?" Karibu wote walisema lile la matope. Tangu hapo sisi tunapima kwa waliopiga na waliofika. Waliopita tunawaombea safari njema.

Yule mama akafika kabla mvua hazijakatika, na shemeji yake. Video aliiona, lakini akataka kilima mwenyewe. Tukapakia tena. Katikati ya mlima shemeji, kule juu ya magunia, akaanza kuimba. Sauti mbaya kabisa. Nikashika usukani machozi yananitoka, na pikapu ikafika juu bila kukohoa.

Ikaenda Kibondo. Muuza mabati akatafuta kiwanja kingine.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Kama nawe umefungwa na hesabu ya wanaokutazama, mkabidhi leo. Yeye hakututazama kwa mbali akapita. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, akapanda kilima na mzigo wetu mabegani. Mtegemeeni huyo.