Zamu ya Mwisho ya Sajini-Meja Mbroh

Marehemu Kwamena Egyir Mbroh, Sajini-Meja mstaafu, mjomba wa nusu ya watu mlioketi hapa na msumbufu wa heshima kwa nusu iliyobaki, alizaliwa Shama siku ya Jumamosi, tarehe 12 Julai 1947, akiwa mtoto wa tatu wa Adwoa Tekyiwa, aliyekuwa akipika dokono, lile donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na kuliuza sokoni, na wa Bwana Egyir Mbroh, fundi wa reli pale Sekondi. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa amechelewa wiki mbili, na kwamba tangu siku hiyo aliapa hatachelewa tena.

Alianza shule ya msingi hapohapo Shama mwaka 1953, akamaliza shule ya kati Sekondi mwezi Desemba 1963, akiwa na mwandiko mzuri ambao walimu waliusifu, na saini yenye mkia mrefu ambayo, kama mtakavyosikia, ilikuja kumponza. Baada ya miaka minne ya utingo kwenye malori ya mbao ya njia ya Tarkwa, alijiunga na jeshi, akaanza mafunzo Kumasi Jumatatu tarehe 4 Machi 1968, akafuzu udereva, akapata ukoplo mwaka 1974 na usajini tarehe 1 Juni 1981, akapewa kusimamia malori ya kikosi chake, na sifa yake kubwa ikawa kwamba msafara wa Mbroh haujawahi kuondoka hata dakika moja nyuma ya wakati.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na Bi Ekua Sagoe, fundi cherehani wa Takoradi, siku ambayo bwana harusi alifika kanisani saa moja na nusu kabla ya wageni, na bibi harusi alipoingia, yeye akatazama saa yake akasema, "Msafara huu ungekuwa wangu, saa hizi uko Tarkwa," na Bi Ekua akamjibu mbele ya mchungaji, "Basi nenda Tarkwa, utanikuta nimeshaolewa." Walijaliwa watoto watatu, Fiifi, Esi na Kweku, na wajukuu saba, na Bi Ekua, pole mama, ndiye aliyegundua kabla ya sisi wote kwamba kila mwaka tarehe 17 Oktoba mume wake hagusi chakula.

Jumamosi tarehe 6 Februari 1988, yeye na masajini wenzake kumi na mmoja waliazima darasa pale Effia, wakaanzisha Chama cha Kujiendeleza cha Masajini, ili askari wa vyeo vya chini wafundishwe kusoma ramani, kuandika ripoti inayoeleweka, kujiandaa kwa mitihani ya kupanda cheo, na kujua kazi ya kufanya siku watakapovua sare, maana alikuwa amechoka kuona mtu aliyeongoza watu thelathini vitani anastaafu akawa mlinzi wa geti la duka. Ninyi wa chama mliojaza viti vya upande wa kulia ni zao la darasa lile, na ukoo unawatambua.

Lakini kilichokifanya chama hiki kiwe hiki ni kigoda. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya somo, mkubwa mmoja huketi kwenye kigoda kifupi mbele ya wadogo zake akasimulia kosa alilolifanya kazini, kwa sheria mbili alizozitunga marehemu mwenyewe, kwamba aliyeketi atasema "mimi" na si "sisi", na kwamba akimaliza, hakuna wa kumfariji wala wa kumkaripia, wote watajibu neno moja, "Tumesikia." Yuko aliyepoteza ufunguo wa ghala la silaha akanyamaza siku mbili, yuko aliyewatembeza watu thelathini usiku kucha wakatokea kwenye shamba la kakao la mkwe wake, akailaumu ramani, na vijana waliowasikia wamekuwa viongozi bora kuliko wao.

Marehemu hakuwahi kuketi. Walimtania miaka na miaka, "Mzee, wewe ulinyonyeshwa na malaika?" naye akawa anajibu, "Zamu yangu ni ya mwisho," wakacheka, akacheka nao, somo likaendelea. Alistaafu jeshi tarehe 30 Juni 1994, akaongoza chama hadi mwaka 2016, na kigoda kikabaki hatua tatu tu kutoka kwenye kiti chake.

Alianza kuugua figo mwezi Agosti 2023, akatibiwa hapa Takoradi na baadaye Accra, na alipoona hawezi tena kubebwa hadi Effia, Jumapili tarehe 2 Februari mwaka huu alimwita mpwa wake Ewurabena, ambaye ndiye anayewasomea, akamwagiza kigoda na daftari. Aliteremka kitandani akaketi, amekonda hata shati linamning'inia, akasema, "Andika. Na ole wako uandike 'sisi'." Alipomaliza, Ewurabena akafungua mdomo kumjibu kama ilivyo desturi, akamkataza, "Wewe si wa kunijibu. Kasome siku ya kunizika." Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa amewahi, kama kawaida yake.

Wazee wa ukoo walikaa vikao viwili juu ya daftari hili, wakasema marehemu hasemwi, na Ewurabena akawajibu kwa heshima zote, "Wazee wangu, hatumsemi. Anasema mwenyewe." Haya ndiyo maneno yake.

"Mimi, Kwamena Mbroh, asubuhi ya Alhamisi tarehe 17 Oktoba 1985, nilikuwa na malori kumi na moja ya kuyatoa saa kumi na mbili kamili. Nilikagua kumi, nikatia saini kumi na moja. Dereva wa lile la mwisho aliniambia, 'Sajini, pedali ya breki inazama,' nikamwambia, 'Ipige mara mbili uende, usinicheleweshe.' Kabla ya saa mbili breki zilimkatalia kwenye mteremko wa njia ya Tarkwa, akalielekeza lori korongoni ili asiwafikie watu waliokuwa gulioni, akafa peke yake. Waliochunguza waliniuliza kama dereva alitoa taarifa yoyote, nikasema, 'Sikusikia.' Nilisikia."

Kwa neno hilo moja iliandikwa kwamba ajali ilitokana na uzembe wa dereva, akazikwa Sekondi bila mizinga, picha yake haikutundikwa kwenye ukuta wa chama pale Effia pamoja na za wenzake waliofia kazini, na mama yake mzazi aliingia kaburini mwaka 1999 akiwa bado anaitwa mama wa yule dereva mzembe.

Wiki mbili zilizopita Ewurabena alikwenda Sekondi kwa dada wa dereva huyo, Bi Araba Ackon, kwa sababu habari ya namna hii mtu haambiwi mbele ya watu, akamkuta anakausha samaki, akamsomea yote. Bi Araba aliendelea kugeuza samaki hadi wakaisha, kisha akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi ya kuyasema haya?" Akaambiwa, arobaini kasoro. Akasema, "Mimi sijamsamehe, usije ukaandika kwamba nimemsamehe. Lakini nitakuja, na nitakaa mbele. Yasome yalivyo, usiyapake mafuta, na kaka yangu umtaje kwa jina lake lote, mara mbili, wasikie hata waliokaa nje." Amekuja, yuko safu ya kwanza, na picha aliyoipakata ndiyo hiyo ambayo chama kimeahidi kuitundika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa mwaka mmoja na nusu bila kumchoka, ingawa aliwahesabia dakika, majirani waliolala matanga nasi, mchungaji na kwaya, na wanachama waliojipanga zamu za kumlinda hospitalini na hawakukosa hata moja. Bi Ekua anasema kama kuna aliyesahauliwa, alaumiwe yeye na si maiti, maana leo maiti ana ya kwake ya kutosha.

Sasa jina, kama tulivyoagizwa. Askari Kobina Nyameye Ackon alitoa taarifa. Kobina Nyameye Ackon, dereva, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, alitoa taarifa.

Nawe mjomba, zamu yako imefika na umeketi, inuka sasa uende ukapumzike kwa amani. Kujibu ni juu yetu tuliobaki, na Bi Araba ndiye wa kwanza, akipenda.