Matundu ya Rangi

Kaeni chini, wanangu. Wewe Mkubwa usikae hapo mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa, sogea huku mbele niuone uso wako ninaposema. Daktari ameshawaambia yake kule nje, kwa sauti aliyodhani siisikii, na mimi sina ugomvi na alichosema, mwili ni wangu na naujua ulipofikia. Nimewaita nyote watatu, Mkubwa, Dada na Kitinda, na nimemkaribisha wifi yangu akae pale kwenye kona awe shahidi, maana yeye hanipendi, kwa hiyo hatawadanganya baadaye kwamba nilisema jambo zuri ambalo sikulisema. Msinikatize. Pumzi iliyobaki ni ya kusema mara moja tu.

Naanza na kinyaa, kwa sababu kinyaa ndicho kilichowalisha.

Baba yenu alikuwa mlinzi wa ghala, mtu wa kusimama getini kutwa nzima ndani ya mabuti mazito ya kazini yasiyopitisha hata uzi wa hewa, na mimi nilikuwa fundi cherehani niliyeshonea wateja katika chumba kilekile tulichokuwa tunalala. Akivua yale mabuti, harufu ilitangulia kitandani ikajinyoosha kabla yake. Nilikuwa nampima bibi harusi siku moja, msichana wa watu amenyoosha mikono, baba yenu akaingia akavua, na yule msichana akaanza kutokwa na machozi. Nilimpenda baba yenu, mnajua, lakini miguu yake iliniudhi roho na sikumficha. Nilimwambia mabuti yabaki nje. Akasema yakibaki nje yataibiwa. Nikamwambia, "Mwizi mwenyewe atayarudisha."

Tulicheka. Lakini nilipomshika miguu nimwoshe, niliona kilichokuwa chini ya ile harufu. Ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa nyeupe, inabanduka kama karatasi iliyolowa, na unyayo ulikuwa umekaza hivi kwamba alikuwa akila chakula huku anaviringisha chupa chini ya mguu apate nafuu. Nikasema hapana, mtu hawezi kuoza akiwa hai kwa sababu tu ana kazi.

Nikakata sponji ya godoro kuukuu, nikaivika vipande vya ngozi laini alivyokuwa akitupa jirani yetu mshona mikoba, nikapata soli ya kuweka ndani ya kiatu, hii ambayo sote humu tumezoea kuiita kilalio. Nikaitoboa ipitishe hewa. Haikupitisha kitu, uzito wa mtu uliyaziba matundu yote. Nikafumua, nikapitisha mishono minene upande wa chini ili ibaki nafasi, kila hatua isukume hewa kutoka kisiginoni iende vidoleni. Ikapita, lakini matundu yakaanza kuchanika, basi nikayapigia uzi pembeni kama ninavyopigia matundu ya vifungo vya koti. Hapo ndipo mkono wangu ulipoelewa kabla ya kichwa. Tundu la kifungo linataka kifungo. Nikachonga vifungo vya mpira mgumu kidogo, vyenye vichwa vya mviringo, nikavipachika. Panapouma unaweka kifungo kikukande kila unapokanyaga, pasipouma unaacha tundu wazi lipumue, na kesho maumivu yakihama unahamisha na kifungo. Baba yenu alikuwa akikaa kwenye ngazi asubuhi anavipanga vile vifungo kama mtu anayecheza drafti, anajaribu, anasimama, anakaa tena, mpaka nikamwuliza anacheza na nani.

Kutoka hapo mnayajua. Wakaja wauguzi, wakaja waoka mikate, wakaja walimu, tukatoka chumba kimoja tukapata duka. Wifi, wewe uliniita Mama Nyayo mbele za watu ukiziba pua kwa mtandio, kisha ukamtuma mtoto aje achukue jozi moja ukasema ni ya mgeni. Mgeni mwenye mguu sawasawa na wako, hata kidole kile kilichopanda juu ya mwenzake. Nilimtengenezea mgeni huyo kwa moyo mmoja. Usitikise kichwa, nimekusamehe zamani, nilitaka tu ujue kwamba nilijua.

Sasa sikilizeni vizuri. Watu walidhani mimi napenda miguu. Sijawahi. Kila mguu ulioletwa mbele yangu, koo langu lilipanda, na mpaka leo linapanda. Lakini niliushika, nikaugeuza, nikautazama chini, kwa sababu kinyaa kina kazi yake, kinakuonyesha palipoharibika, na ukikimbia hapo umemkimbia mwenye mguu. Dada alijifunza kwangu. Kitinda alikimbilia kutengeneza simu, na sikumlaumu. Wewe Mkubwa nilikutuma ukiwa mdogo umpime mguu mwoka mikate, ukatapika juu ya kipimo, na siku ile sikukugombeza, nilikuosha uso nikakupa kazi ya kuuza, maana mdomo wako ulikuwa mtamu na watu walikupenda. Kutapika si dhambi. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Nikaugua. Nyonga zikakataa, nikaletwa hapa kitandani, Mkubwa akashika duka, Dada akawa anakuja kunigeuza na kunilisha. Niliambiwa mambo yanakwenda vizuri. Niliambiwa siku hizi vilalio vinatengenezwa kiwandani, vinakuja kwenye maboksi, na juu ya boksi kuna picha yangu. Nikaomba niletewe kimoja nikione. Ikawa kesho, na kesho nyingine.

Kisha akaja mpishi kunitazama.

Mpishi wa shule nyote mmekula chakula chake. Ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, na miguu yake imekufa ganzi kiasi kwamba siku moja kaa la moto lilimdondokea juu ya kidole akalijua kwa kunusa. Yeye nilimtengenezea kilalio cha matundu matupu, bila kifungo hata kimoja, nikamwambia wewe usiweke kifungo maisha yako yote, mguu wako hauwezi kulalamika, na kila alipopita dukani nilimkalisha nikamwangalia chini ya nyayo kwa macho yangu.

Alikuja na machungwa. Alikuwa bado pale mlangoni, hajamaliza hata kunisalimu, nilipoisikia ile harufu. Wanangu, mimi najua jasho, najua ngozi iliyolowa, najua soksi ya wiki nzima. Ile haikuwa mojawapo. Ile ilikuwa harufu ya buchani jua likiwa kali. Nikamwambia avue viatu. Akacheka, akasema, "Mgonjwa ni wewe, na bado unaitaka miguu yangu?" Akaniambia kwa furaha kabisa kwamba mwanangu amemuuzia kile kipya, kinachotibu sukari, imeandikwa kwenye boksi chini ya uso wangu.

Soksi ilikuwa imegandamana. Dada aliibandua kwa maji ya uvuguvugu, polepole, na ilipotoka, chini ya kidole gumba palikuwa na shimo la mviringo, ukubwa wa kifungo barabara, kingo zake nyeusi, ndani usaha wa kijivu, na kitu cheupe ambacho sitakitaja mbele yenu. Dada alitoka nje akashika ukuta. Na mpishi, ambaye haoni chini ya mguu wake na wala hausikii, akawa anatutazama nyuso, mara uso wangu, mara wa Dada aliporudi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kuna nini huko?"

Mimi ndiye niliyemwambia. Sijui kama kuna mtu humu ndani anayeelewa ilivyokuwa kumwambia. Hospitali walikata vidole viwili, na kidonda cha palipokatwa kipo wazi mpaka leo.

Alipochukuliwa, nikaomba kile kilalio. Nikakipitishia kidole. Vifungo vilikuwa vya plastiki, vigumu kama meno, vimeyeyushwa palepale, havitoki wala havisogei, mguu upende usipende. Nikatafuta matundu. Kidole changu kikateleza. Nikakisogeza kwenye mwanga wa dirisha nikaona ni nukta nyeusi za rangi, safu kwa safu, zimepangwa vizuri kabisa, hata kivuli kidogo wameweka pembeni ili zionekane zina kina. Hapakuwa na tundu hata moja.

Nikamwita Mkubwa. Ulisimama pale, mwanangu, umeziba pua kwa mkono wa shati kwa sababu kile kiatu kilikuwa bado humu. Sikukupigia kelele. Nilikuuliza tu matundu yamekwenda wapi. Ukaniambia kutoboa kunachelewesha kazi. Ukaniambia hukumlazimisha mpishi, ni mtu mzima, alichagua mwenyewe. Na nilipoendelea kukutazama, ukasema haya maneno, nami nayarudia kama yalivyo ili ndugu zako wayasikie: "Mama, watu hawanunui matundu. Wananunua sura yako."

Nimelala na maneno hayo tangu siku ile. Nimeosha miguu ya walinzi, nimebandua soksi za watu, nimekamua majipu ya watoto wangu, na hakuna kilichowahi kunigeuza utumbo kama sentensi hiyo. Usaha hausemi uongo. Unanuka ili mtu ajue pameoza na atafute dawa. Wewe uozo wako uliingia humu umechana nywele, umevaa saa, ukaniamkia vizuri, na mimi mama yako, ninayejisifia pua, sikuunusa. Na dawa nilizokuwa nameza zilinunuliwa kwa pesa za huko. Ndiyo maana zile ulizoleta mwisho ziko pale dirishani na hazijafunguliwa. Tangu siku hiyo nameza zinazotoka kwenye cherehani ya Dada.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Nyumba hii ni yenu watatu, na asiiuze mtu wakati mwenzake hana pa kulala. Cherehani ni ya Dada. Vile vipande vya bati ninavyofuatisha nikikata vilalio, vya saizi zote, ni vya Dada, na ufunguo wa duka ni wa Dada kuanzia leo, wala asije mtu kumwambia ameolewa. Kitinda, wewe una namba za watu wengi kuliko sisi sote. Tangaza kila aliyenunua cha kiwandani akirudishe, na useme kwa nini, kwa maneno ya wazi, usiseme kuna hitilafu ndogo. Mwenye sukari mfuate hadi kwake.

Mkubwa, sikufukuzi. Usiinamishe kichwa, nitazame. Ile picha yangu uliyoitundika juu ya mlango wa duka utaishusha wewe mwenyewe, ngazi ipo nyuma ya duka. Yale maboksi yaliyojaa stoo utayatoa nje barazani, mchana, watu wakipita, na utakaa na mkasi ukate kilalio kimoja baada ya kingine. Usichome, usigawe bure kwa maskini ukajiita mwema. Kata. Anayepita akikuuliza unafanya nini, mjibu.

Na kila asubuhi utakwenda nyumbani kwa mpishi umbadilishe bandeji. Muuguzi atakuonyesha jinsi ya kufanya. Nimeshamwomba mpishi ruhusa kwa simu. Akasema aje, ila asije na maneno. Basi nenda bila maneno. Utaona kinyaa, na nisingependa usikione. Lakini usizibe pua mbele yake. Ukishindwa, toka nje, tapika, nawa, rudi. Kikifunga kidonda, Dada atakupa ufunguo wa pili wa duka, mfanye kazi pamoja, wewe ukiwa unauza kilichotobolewa. Kisipofunga, utaendelea kwenda.

Dada, mikono yako Mungu aihifadhi, isiwahi kukosa kazi wala mtu wa kuishika. Kitinda, uende unakokwenda na urudi salama, na ucheke kama baba yako. Mkubwa... baraka yako haimo mdomoni mwangu leo. Nimeiacha kwenye ule mguu. Iko pale, ni yako, sijampa mwingine. Kaichukue.

Wifi, umesikia? Sema umesikia. Haya.

Nimechoka. Msilie bado, mnanichanganya... Mkubwa, njoo huku miguuni. Funua shuka. Kisigino changu cha kushoto kimeanza kuchubuka kwa kulala, Dada anakijua, leo mpokee... anza na mimi. Hapana, usishike kwa ncha za vidole kama unaokota takataka. Kiganja chote. Inua... sasa tazama chini. Usigeuze uso, mwanangu. Pamba ile pale, lowesha... taratibu... katikati kwanza, halafu nje...

Eeh. Hivyo. Hivyo hivyo.