Kumi na Nne ya Manjano: Maisha ya Tabitha Vellacott

Ndugu waombolezaji, ninayewasomea haya ni mimi Ambrose, mumewe, kwa kuwa tuliokuwa chumbani alipoanza kusema maneno yake ya mwisho tulikuwa watatu tu, mimi, dobi wetu Keziah Luscombe, na Kasisi.

Marehemu Tabitha alizaliwa tarehe 3 Machi 1829, hapa hapa Aldercombe, Devon, binti wa Mzee Orchard mwenye kinu cha ngano, akasoma shule ya kanisa hadi umri wa miaka kumi na mmoja, Kilatini akajifundisha mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada. Tulifunga ndoa tarehe 12 Juni 1851, niliporudi kutoka chuo kikuu, tukajaliwa Hugh, ambaye yupo hapa, na Lettice, aliyetutoka kwa homa mwaka 1860.

Kazi yake ilikuwa konokono. Kwa miaka ishirini na miwili alikwenda kwenye mawe ambayo ndege hupasulia konokono, akahesabu magamba na kuyaandika daftarini, akaona kwamba msituni huliwa zaidi wa manjano, na kwenye majani mabichi huliwa zaidi wa kahawia, akasema hadharani kwamba hivyo ndivyo viumbe huchujwa na kubadilika. Mkulima Tucker alizoea kumtania njiani, “Mama, konokono wamehubiri nini leo?” naye akimjibu, “Wanasema anayeonekana sana huliwa, Bwana Tucker, kwa hiyo kivue hicho kizibao chekundu.”

Aliugua mapafu tangu Agosti mwaka huu wa 1884, akafariki Jumanne tarehe 7 Oktoba, saa nne asubuhi.

Tangu siku hiyo inasemwa kijijini kwamba alitubu na kuyakana aliyosema juu ya viumbe, kwamba Kasisi alimsikia kwa masikio yake akisema, “Nilikosea.” Ni kweli alilisema neno hilo, ila Kasisi alikuwa tayari mlangoni, akaondoka na hilo moja tu, bila kusubiri mengine. Maneno kamili ni haya: “Nilikosea, Ambrose. Ukurasa wa tisini, magamba ya manjano si arobaini na moja, ni kumi na nne. Sahihisha.” Keziah alicheka huku akilia, “Mama wee, hata leo?” Nikasahihisha kwa wino, akiona.

Daftari ni hili, Kasisi, lisome. Mwanamke aliyesahihisha magamba ya konokono huku pumzi ikimwisha, asingeshindwa kusahihisha maisha yake yote, kama angeona yana kosa.

Tunamshukuru Daktari Hallett, majirani kwa supu na kuni, Keziah kwa kila kitu, na mabwana wa chama cha elimu ya viumbe, waliosoma barua zake miaka tisa kabla ya kumjibu.

Pumzika kwa amani, Tabitha. Imeandikwa kumi na nne.